Mama Bati

Kasha la diski lilifika nyumbani kwetu Mikumi kwenye keria ya baiskeli ya mume wangu, limefungwa kwa mpira wa tairi. Mimi ndiye niliyemwambia lipo. Nilikuwa mpokezi wa wageni katika hoteli ndogo ya watalii kando ya barabara kuu, na mwenye hoteli, mzungu mzee, alikuwa ameugua na ameamua kufunga na kurudi kwao. Wafanyakazi tuliambiwa tuchukue tunachotaka kutoka stoo. Wenzangu walibeba magodoro na sufuria. Mimi nilimpigia simu mume wangu.

"Kuna kasha limejaa diski za tamthilia," nilimwambia.

"Za vita?"

"Hapana. Za angani. Watu wanasafiri kwenye chombo kati ya nyota."

Akasema, "Usimpe mtu. Naja."

Mume wangu alikuwa na kibanda umiza nyuma ya stendi, banda la mabati lenye turubai juu, mabenchi ya mbao na televisheni moja kubwa. Alasiri ulikuwa mpira, jioni zilikuwa sinema, na sinema alizitafsiri mwenyewe. Alipunguza sauti ya kwenye diski, akashika maiki na kusema maneno ya kila mtu. Sauti yake ilikuwa kitu cha ajabu. Alikuwa bibi kizee, akawa askari, akawa msichana anayebembeleza, akawa mbwa, na hukusikia mahali alipobadilisha. Nilimpenda kwa sauti hiyo. Siku za kwanza alikuja mapokezi kuchaji simu, akamwiga bosi wangu mzungu anavyolalamika kuhusu chai, nami nikacheka mpaka nikajificha chini ya kaunta wageni wasinione.

Kiingereza hakukijua sana, na hakuona haya kusema hivyo. Mimi nilikijua kwa sababu ya kazi. Basi hoteli ilipofungwa na mimi nikabaki nyumbani, asubuhi zetu zikawa za tamthilia ile. Tulikaa kitandani, deki na televisheni yetu ndogo vikiwa juu ya ndoo zilizogeuzwa, mimi nikimweleza wanasema nini, yeye akirudia kwa sauti zake.

Ilikuwa tamthilia ya zamani sana, ya kabla sijazaliwa, iliyokuja kutolewa kwenye diski ili waliokuwa watoto enzi zile waitazame tena majumbani kwao. Chombo chenyewe kilifanana na sufuria mbili zilizofunikana. Mawe ya sayari za mbali yalikuwa ya sponji, maana kuna mahali jiwe linamwangukia askari na kudunda kama mpira, naye anakufa. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Lakini nilipenda mtu mmoja humo. Alikuwa rubani wa chombo, mwanamke ambaye sayari yake iliungua, akabaki peke yake katika watu wote wa kwao. Uso wake walikuwa wameupaka rangi inayong'aa kama bati jipya. Alitembea taratibu, akibeba tufe la kioo lenye mwanga ndani. Mume wangu akamwita Mama Bati. Sikuona ubaya. Ilikuwa asubuhi, tulikuwa tunakunywa chai.

Alipoionyesha kibandani mara ya kwanza, watu waliidharau. Walizoea risasi na magari yanayolipuka. Hapa waliona watu wazima wenye nguo za kubana wakizungumza kuhusu nyota. Walipiga miluzi. Wengine walitoka kabla ya nusu. Niliyaona yote kwa sababu nilikaa mlangoni, nikipokea watu na kuuza chai. Mume wangu alirudi nyumbani amevimba, akakaa akiitazama diski kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa.

Kisha akagundua namna. Aliacha kutafsiri, akaanza kuwapachika watu wa hapahapa. Humo kulikuwa na watu warefu wa sayari ya jangwa wanaochunga wanyama wenye pembe, naye akawapa lafudhi ya wafugaji wa tambarare yetu, akawafanya wajinga wasiojua hata mlango unafunguliwa vipi. Banda lilicheka. Ila siku ya mnada wafugaji wenyewe walikuwa wamekaa benchi la mbele. Mmoja wao alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Bwana, hao unaowacheza ni sisi?"

"Ni sinema tu, ndugu yangu."

"Kesho tukija, tusiwasikie."

Alisema kwa upole, wote wakainuka wakatoka. Wale watu wa jangwa hawakusikika tena kibandani.

Akahamia kwa muuza chipsi wa stendi, mjane mwenye mwili mkubwa. Kicheko chake akampa mpishi mnene wa chombo. Muuza chipsi alisikia habari, akaja na mwiko unaodondosha mafuta ya moto, akasimama mbele ya televisheni mpaka mume wangu akamwomba radhi kwenye maiki. Watu walishangilia hilo kuliko sinema.

Baada ya hapo akahitaji mtu asiyeweza kuinuka na kuondoka.

Tulikuwa tumeoana muda mrefu na hatukuwa na mtoto. Nilikuwa nimeshazoea kuulizwa, na nimeshazoea pia watu wanapoacha kuuliza, ambako ni kubaya zaidi. Mama mkwe wangu alinipeleka Ruaha kwa bibi mmoja wa dawa. Nilipewa maji ya mizizi kwenye chupa ya soda, nikaambiwa niyanywe nimechuchumaa nyuma ya choo, mume asinione, akiniona dawa imekufa. Nilificha chupa kwenye ndoo ya unga. Nilikunywa nikaimaliza. Sikumwambia mtu.

Jioni moja kibanda kilijaa nusu. Ilikuwa ile sehemu ambayo nahodha anamwamuru rubani alizime tufe lake, kwa sababu mwanga wake unawavuta maadui. Nilikuwa nimemtafsiria asubuhi ileile, neno kwa neno. Ndani ya tufe mna sauti za watu wa kwao waliokufa. Anamwambia nahodha, "Hawa ndio wote niliobaki nao. Niamuru kingine." Nilipokuwa namweleza mume wangu, alinishika bega.

Mama Bati akainua tufe kwenye televisheni, na sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa yangu. Sisemi ilifanana na yangu. Alikuwa amenasa jinsi ninavyolimeza neno la mwisho la sentensi, na kikohozi kidogo ninachokitanguliza nikiwa na aibu.

"Kapteni, hii ni dawa ya bibi wa Ruaha. Nimeambiwa niinywe nyuma ya choo, nimechuchumaa, mume wangu asinione. Nimemaliza chupa nzima, Kapteni. Tumbo bado bati tupu."

Watu walianguka kwa kicheko. Kulikuwa na kijana aliyelala kabisa kwenye benchi akipiga miguu. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Mume wangu hakugeuka kunitazama, alikuwa kazini.

Nyumbani nilimuuliza.

"Nani kakutaja?" akasema. "Umesikia jina lako pale?"

"Habari ya dawa anaijua mama yako peke yake."

"Basi kamuulize mama."

Asubuhi nilikwenda. Mama mkwe alikuwa anachagua maharage mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, ile dawa ya Ruaha. Ulimwambia?"

"Mwanangu yule. Nimfiche nini?" Aliendelea kutupa vijiwe pembeni. "Na ingeshika, leo ungekuwa unaniuliza hayo? Ungekuwa unanyonyesha." Kisha akainua kichwa. "Wameniambia inachekesha sana. Jumamosi nitakuja."

Alikuja kweli. Alivaa kitenge chake cha harusini, akawekewa kiti mbele, na Mama Bati alipotokea akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Kibanda kilianza kujaa mpaka watu wanasimama nje wakichungulia kwenye matundu ya mabati. Walikuja kutoka Ruhembe wakitoka mashambani kwenye miwa, na masizi ya miwa iliyochomwa bado shingoni. Mtu alisema hajawahi kuona sinema inayojua maisha ya watu namna ile. Kila jioni Mama Bati alipata jipya: mara anapima tumbo lake kwa kamba, mara anaiba mtoto wa roboti, mara anaota amejifungua na akiamka amekumbatia mto. Hilo la mto lilikuwa la kweli. Lilitokea mara moja, alfajiri, yeye alikuwa pale, na alinibembeleza mpaka nikalala tena.

Bombani wanawake wakaanza kuniita. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, jina lake mwenyewe linapumzika. Mimi nikapata la kwangu. "Mama Bati, sogeza ndoo." Hawakusema kwa chuki. Walisema kama wanavyomwita yeyote, na nadhani wengine walishasahau limetoka wapi.

Mtu ataniuliza mbona niliendelea kukaa mlangoni. Hoteli ilikuwa imefungwa. Mama yangu mzazi wa Kilosa alikuwa ameshaniambia nisirudi kwake mikono mitupu. Na asubuhi, tukiwa wawili, mume wangu alikuwa mtu mwingine. Aliniletea uji kitandani, akaniomba nimweleze diski inayofuata, akasikiliza kwa makini, akauliza, "Hapo amekasirika au amehuzunika?" Nilimjibu. Nilimpa maneno yote mazuri ya yule mwanamke, na jioni nilisikia alivyoyafanya.

Siku moja nilikataa. Nikamwambia sitafsiri tena mpaka aniache.

"Si lazima," alisema, akiwa anapiga mswaki. "Mimi najua anachosema."

Jumamosi moja, mvua ilikuwa imenyesha mchana na turubai lilikuwa linavuja, benchi zote zimejaa. Nahodha alimwita rubani kwenye dirisha kubwa la chombo, nyota zikipita nyuma yao. Sehemu hiyo nilikuwa nimeitazama peke yangu. Nahodha anamletea habari kwamba wamepokea ishara hafifu kutoka mbali, huenda kuna mtu mmoja zaidi wa sayari yake aliyepona. Anashindwa kusema, anatazama chini, anamshika mkono.

"Mama Bati," nahodha akasema kwa sauti nzito ya mume wangu, "nina habari. Yule msichana wa saluni ya karibu na kituo cha mafuta ana mimba. Ya kwangu."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani wamekerwa. Kisha benchi la nyuma likageuka kunitazama, na la mbele yake, na la mbele yake, mpaka banda zima likawa nyuso. Nikaelewa kwamba waliogeuka kwanza walikuwa wanajua siku zote, na waliofuata wamejua kwa kuwatazama wa kwanza. Msichana wa saluni nilimfahamu. Alikuwa amenisuka wiki ileile, akaniambia nywele zangu laini.

Kwenye televisheni rubani alifungua mdomo, na nikajisikia nikijibu.

"Hongera, Kapteni. Nitakufulia nepi."

Ndipo wakacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile kabla wala baada yake. Hata watu wa nje walikuwa wanapiga mabati kwa viganja. Mbele yangu kulikuwa na mzee aliyeagiza chai, kikombe chake kiko tayari mkononi. Nilimmiminia, nikamwongezea sukari, nikafunika birika, nikaenda nyumbani.

Mume wangu alinikuta nafunga mizigo.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia," alisema.

"Ukaona hiyo."

"Ana kwa ana nisingeweza." Alisema kweli kabisa, naliapia hilo. Alikaa kitandani, mabega yamelegea. "Nikishika maiki naweza chochote. Hapa siwezi."

Nilingoja aseme kingine. Akaniuliza kama nimekula.

Mama yangu anaishi Kilosa karibu na njia ya reli, kwenye nyumba ambayo babu yangu aliijenga alipokuja kufanya kazi relini na hakurudi tena kwao. Alinikuta nimesimama uani na begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi na nini?"

"Na nguo zangu."

"Basi?"

"Basi."

Alinipa chumba cha kuhifadhia mahindi. Wageni wakija aliwaambia nimekuja kupumzika, na walipokuwa wakirudi mwezi uliofuata na uliofuata, akawaambia tena nimekuja kupumzika, mpaka wakaacha kuja upande wangu. Nilianza biashara ya vitunguu. Nilikwenda Dumila kununua, nikarudi kuuza sokoni Kilosa. Dumila niliipenda kwa sababu pale kila mtu yuko njiani na hakuna anayekuuliza wewe mama nani.

Ilikuwa kwenye basi la kutoka Dumila. Gunia langu liko chini ya miguu, dirisha wazi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja kijana, mchangamfu, amempakata mtoto mchanga. Tulisalimiana, akanigawia nusu ya chungwa. Konda akachomeka flashi kwenye televisheni ya mbele, na nikasikia muziki wa tamthilia ile. Sikujua kwamba mume wangu alikuwa anairekodi. Kumbe flashi zilikuwa zimeshaenea stendi zote, na makonda walikuwa wanapeana.

"Umeiona hii?" jirani yangu akaniuliza. "Jamani, huyu Mama Bati ataniua."

"Nimeiona."

Ilikuwa ile ya mto. Abiria walikuwa wanaijua; walisema maneno kabla hayajasemwa, kama kiitikio kanisani. Jirani yangu alicheka mpaka akaishiwa nguvu. "Nishikie mtoto, dada, mbavu zangu," akasema, akanibebesha. Mtoto alikuwa wa moto na mzito kuliko nilivyodhani. Alinitazama, akashika kidole changu.

"Unamjulia," yule mama alisema akijifuta macho. "Wako wangapi?"

"Sina."

"Acha!" Akanipiga begani kwa utani. "Usije ukawa Mama Bati na wewe."

"Ndiye mimi," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu alikuwa amenipa chungwa. Alinitazama, na kwenye televisheni sauti yangu ilikuwa inaendelea, ikimeza maneno yake ya mwisho, na nikaona jinsi uso wake ulivyosikiliza kule, ukanirudia mimi, ukasikiliza tena. Nilifikiri atanyamaza. Alisimama kabisa kwenye kiti.

"Konda! Konda! Mama Bati yumo ndani ya gari! Mwenyewe! Sikilizeni sauti!"

Simu zikainuliwa kutoka mbele na nyuma. Konda akapunguza televisheni, akaja akipita kati ya magunia huku anatabasamu, mtu mwenye furaha ya kweli. "Shikamoo mama," alisema kwa heshima zote, kwa kuwa nilimzidi umri. "Tunakupenda sana humu. Tuchezee kidogo basi. Ile ya nepi."

"Marahaba," nilisema. "Sichezi. Ni mambo yangu."

Nilisema hivyo kwa kumeza neno la mwisho, kama ninavyosema siku zote, na gari zima likalipuka. Mtu nyuma alipiga makofi. "Umesikia? Umesikia? Ndiye!" Nikakohoa kwa aibu, wakalipuka tena. Nikagundua kwamba sina namna ya kusema kitu chochote. Nikafunga mdomo, na huo ukimya nao wakaupigia picha. Mtoto akanikojolea. Mama yake alikuwa anarekodi, hakuona. Nilimshika hivyohivyo mpaka Kilosa, kanga imelowa mapajani, kwa sababu alikuwa amelala na hakuna aliyeomba nimrudishe.

Tangu hapo naenda Dumila kwa bodaboda au kwa lori la mkaa.

Mtoto wa yule msichana wa saluni alizaliwa salama, wa kike. Mume wangu anaendelea vizuri. Amefungua kibanda cha pili Ruaha na anarekodi tamthilia nyingine sasa, lakini watu bado wanamtaka Mama Bati. Habari hizi ananipa mama mkwe, ambaye hunipigia simu mara kwa mara. Sijui kama bado ni mama mkwe wangu. Yeye hajaacha kuniita mwanangu, nami namwamkia.

Juzi alipiga nikiwa sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu yuko hapa. Ameanza kusema maneno mengi. Na anajua kukuiga, huyu! Hata baba yake haamini. Ngoja umsikie."

Nilisikia simu ikipewa mkono mdogo, pumzi zikigonga maiki. Bibi yake alimhimiza, "Haya, sema, Mama Bati anasemaje?" Kwanza kilitoka kikohozi. Kisha akasema ile ya nepi yote, taratibu, bila kukosea, na neno la mwisho akalimeza. Kule nyuma nikasikia watu wazima wanacheka na kumsifu.

"Umemsikia?" mama mkwe akauliza.

"Nimemsikia, mama," nilisema. "Anajua."

"Eeh. Ana akili sana." Akaniuliza bei ya vitunguu, nikamwambia, akasema Mikumi viko juu zaidi.